Kuchagua kompyuta ya injini unayoweza kuipanga upya: toleo la zamani au jipya?

Gari likibadilishwa turbo, nozeli au kamshafti, kompyuta iliyotoka nalo kiwandani huendelea kuhesabu mafuta na cheche kwa ajili ya injini ambayo haipo tena. Hapo ndipo mwenye Subaru Impreza yenye injini ya EJ20, Toyota Mark II ya 1JZ-GTE au Corolla ya zamani yenye 4A-GE anapoanza kutafuta kompyuta ambayo majedwali yake (orodha za namba zinazoiongoza kutoa mafuta na cheche) yanaweza kuandikwa upya kwa laptopu, na karibu papo hapo hukutana na swali la bei. Viko vifaa vya kizazi cha zamani vinavyouzwa vikiwa vimetumika, au vinavyofika vikiwa ndani ya magari yaliyoagizwa kutoka Japani, na viko vifaa vipya vinavyogharimu mara kadhaa zaidi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuamua kati ya makundi hayo mawili. Mfano nitakaoutumia zaidi ni familia ya kompyuta za MegaSquirt, iliyobuniwa na Bruce Bowling na Al Grippo wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa sababu vizazi vyake vitatu vinaonyesha waziwazi kilichobadilika. Hatua zenyewe, hata hivyo, zinafaa pia kwa Haltech, Link, MoTeC, ECUMaster na nyinginezo.

Hatua ya 1: Pima injini kabla ya kufikiria kompyuta

Kompyuta mpya haiponyi injini iliyochoka. Pima kompresheni ya kila silinda, tafuta mahali hewa inapovuja kwenye manifoldi, pima nguvu ya pampu ya mafuta wakati injini inafanya kazi, na uhakikishe kuwa sensa za joto la maji na joto la hewa zinatoa namba zinazoeleweka. Ikiwa silinda moja iko chini sana kuliko nyingine, fedha uliyotenga kwa ajili ya kompyuta ipeleke kwanza kwenye oveholi.

Hatua ya 2: Andika kila kitu ambacho injini yako inadai

Hatua hii ndiyo inayoamua mambo mengi kuliko zote, na ndiyo ambayo watu huiruka kwa sababu haipendezi kama kusoma matangazo ya vifaa. Chukua karatasi na mchoro wa waya wa gari lako, kisha uorodheshe kile ambacho kompyuta itapaswa kukisoma na kile itakachopaswa kukiendesha.

Anza na sensa za krankshafti na kamshafti. Kompyuta yoyote hujua pistoni ziko wapi kwa kusoma meno ya gurudumu, na kila mtengenezaji wa magari alichagua mpangilio wake. Injini nyingi za kisasa zina gurudumu la meno 60 lililokosa meno 2. Subaru za baadaye zina meno 36 yaliyokosa meno mawili mawili katika sehemu tatu. Toyota za zamani zina meno 24 ndani ya distribyuta. Ukikuta kifaa cha zamani kwa bei nzuri lakini programu yake haiujui mpangilio wa injini yako, utalazimika kutengeneza gurudumu jipya na kulifunga kwenye puli, kazi inayohitaji karakana yenye mashine ya kukereza na fundi makini, na punguzo la bei litakuwa limekwisha. Angalia pia aina ya sensa yenyewe. Sensa ya sumaku yenye waya mbili hutoa mawimbi yanayopanda kadiri injini inavyozunguka kwa kasi, na bodi nyingi za zamani, ikiwemo bodi ya V3 ya MegaSquirt, huhitaji kurekebishwa kwa skrubu ndogo hadi zisome mawimbi hayo bila kupoteza jino hata moja. Sensa ya Hall, yenye waya tatu, haina usumbufu huo.

Kisha pima ukinzani wa nozeli kwa mita. Nozeli zenye omu 12 hadi 16 huendeshwa na karibu kila kompyuta. Zile zenye omu 2 au 3, ambazo hupatikana katika injini kadhaa za turbo za miaka ya 1980 na 1990, huvuta umeme mwingi na zinaweza kuunguza kompyuta isiyotengenezwa kwa ajili yake. Hapa kifaa cha zamani wakati mwingine kina nafuu: bodi ya V3 ya MegaSquirt ina mzunguko wa kupunguza umeme wa nozeli za namna hiyo, ilhali vifaa kadhaa vipya, mfano EMU Black ya ECUMaster, huzihitaji nozeli zenye ukinzani mkubwa au seti ya rezista katikati.

Chunguza koili. Je, zina kiwashio (swichi ya elektroniki inayofungua na kukata umeme wa koili) ndani yake, au kiwashio kiko peke yake kwenye ukuta wa boneti, au hakuna kabisa? Kompyuta zinazotoa ishara ya volti 5 tu haziwezi kuendesha koili isiyo na kiwashio.

Mwisho wa orodha hii, andika mambo manne ambayo kizazi cha zamani hushindwa nayo mara nyingi. La kwanza ni kamshafti inayobadilisha taiming yake, kama VVT-i ya Toyota au AVCS ya Subaru. 1JZ-GTE ya mwaka 1996 na kuendelea tayari inayo. Kompyuta isiyoweza kuiendesha itaiacha kamshafti imesimama mahali pamoja, na nguvu ya injini katika mizunguko ya chini na ya kati itapungua kwa namna ambayo dereva anaihisi barabarani. La pili ni mlango wa hewa unaofunguliwa na mota badala ya kebo ya aksileta, kama katika magari mengi ya katikati ya miaka ya 2000 na baadaye. La tatu ni vali ya sailensi, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama bila kukanyagwa aksileta: nyingine ni mota ya hatua yenye waya nne au sita, nyingine hufunguliwa na mapigo ya umeme, na MegaSquirt ya kwanza haiwezi kuendesha mota ya hatua bila kuongezewa kifaa kingine. La nne ni gia boksi ya otomatiki. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990, kompyuta ya injini ndiyo hiyo hiyo inayobadilisha gia, kwa hiyo ukiiondoa, gia boksi hubaki bila msimamizi. Mafundi wengine huiacha ya kiwandani ikae sambamba na mpya, moja iendeshe gia na nyingine iendeshe injini. Njia hiyo hufanya kazi, lakini uijumlishe katika muda wa wayaringi tangu mwanzo.

Karatasi hiyo ikikamilika, utaona kuwa swali la zamani au jipya limekwisha kujibiwa nusu.

Hatua ya 3: Elewa kilichobadilika kati ya vizazi

MegaSquirt ya kwanza ilitumia prosesa ya biti 8, ya Motorola, iliyokwenda kwa megahezi 8. Programu yake ya awali ilikuwa na jedwali la mafuta lenye visanduku 8 kwa 8, na toleo lililoboreshwa na watumiaji lilifika 12 kwa 12. MegaSquirt ya pili ilikuja na prosesa ya biti 16 ya megahezi 24 na jedwali linalofika 16 kwa 16. Ya tatu, iliyotoka karibu na mwaka 2010, ina prosesa ya megahezi 50 yenye msaidizi wake ndani, kadi ya SD ya kuhifadhi kumbukumbu za safari, na ikiongezewa bodi ya MS3X huweza kuendesha nozeli 8 na koili 8, kila moja kwa zamu ya silinda yake.

Ukubwa wa jedwali huvutia macho, lakini si jambo la kuhofia sana. Injini isiyo na turbo hupangwa vizuri kabisa kwa visanduku 12 kwa 12, kwa kuwa kompyuta hukadiria yenyewe namba zilizo kati ya kisanduku kimoja na kingine. Kinacholeta tofauti kubwa zaidi ni usahihi wa kupima muda. MegaSquirt ya kwanza, kwa programu yake ya kawaida, hufungua nozeli kwa hatua za milisekunde 0.1. Injini ikiwa kwenye sailensi na nozeli kubwa, nozeli hufunguka kwa takriban milisekunde 1.5 tu, na kwa hiyo hatua moja ya juu au chini ni karibu asilimia 7 ya mafuta yote. Ndiyo maana magari yenye kifaa hicho na nozeli kubwa hupanda na kushuka sailensi bila kutulia, na fundi anaweza kukaa siku nzima akitafuta kosa katika jedwali ambalo halina kosa. Kuanzia kizazi cha pili, hatua hiyo imeshuka hadi chini ya mikrosekunde moja, na tatizo hilo limekwisha kabisa.

Kuhusu kufungua nozeli kwa zamu ya kila silinda, nasema wazi kwamba faida yake hutiwa chumvi. Injini ikiwa katika mizunguko ya juu na mzigo mkubwa, nozeli hukaa wazi kwa sehemu kubwa ya muda, kiasi kwamba zamu haina maana tena, na nguvu ya juu haibadiliki kwa kiasi cha kujivunia. Faida ya kweli iko kwenye sailensi, kwenye mwendo wa polepole mjini, na katika uwezo wa kuiongezea silinda moja mafuta kidogo pale inapopata hewa nyingi kuliko wenzake. Mwenye gari la mbio za mchanga asilipe zaidi kwa sababu hiyo peke yake. Mwenye gari la kila siku lenye nozeli kubwa atafurahi kuwa nayo.

Jambo ambalo ningelipa uzito zaidi ni kumbukumbu za safari. Kifaa cha zamani huhifadhi kumbukumbu pale tu laptopu inapokuwa imeunganishwa. Kipya huandika chenyewe, na siku injini inapokohoa mara moja ukiwa njiani peke yako, unaweza kufungua faili jioni na kuona kama kanieneo la mafuta lilishuka, kama sensa ya krankshafti ilipoteza jino, au kama betri ilikuwa imeshuka volti.

Hatua ya 4: Fikiria mwinuko wa mahali unapoendesha

Miongozo mingi iliyoandikwa kwa ajili ya nchi tambarare hupita hapa haraka. Kwetu haiwezekani. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na kanieneo la hewa yake ni takriban kilopaskali 82. Mombasa na Dar es Salaam ni karibu 101. Mtu anayetoka Mbeya kwenda Dar es Salaam au Nairobi kwenda Mombasa huivuka tofauti hiyo kwa siku moja, na kompyuta yake lazima iivuke pamoja naye.

Kama kompyuta hupima mzigo wa injini kwa sensa ya kanieneo la manifoldi, sehemu kubwa ya marekebisho hutokea yenyewe, na kinachobaki ni kidogo. Vifaa vingi vya zamani hupima hewa ya nje mara moja tu, pale swichi inapofunguliwa kabla injini haijawaka, kisha hushikilia namba hiyo safari nzima. Kwa gari linalosimama na kuzimwa njiani hilo si janga. Lakini kama injini ina milango ya hewa ya kila silinda na kompyuta hupima mzigo kwa ufunguzi wa aksileta peke yake, hali ni tofauti kabisa: jedwali lililopangwa Nairobi litakuwa na upungufu wa mafuta wa karibu moja ya tano litakapofika pwani. Injini ya namna hiyo idai kompyuta yenye sensa ya pili inayosoma hewa ya nje wakati wote. Baadhi ya vifaa vipya huwa nayo ndani ya boksi, na MegaSquirt ya pili na ya tatu zinaweza kuongezewa.

Wenye turbo wana jambo la ziada. Springi ya wesigeti, vali inayozuia turbo isipite kiwango chake, husukumana na hewa ya nje, kwa hiyo turbo iliyowekwa kwenye baa 0.7 hutoa takriban kilopaskali 152 ndani ya manifoldi ikiwa Nairobi, na takriban 171 ikiwa Mombasa, bila mtu yeyote kugusa kitu. Fundi aliyepanga gari Nairobi hajawahi kufika kwenye mistari ya jedwali iliyo juu ya 152. Namba zilizopo humo ni za kukisia. Gari likiteremka pwani na kukanyagwa sawasawa, injini huingia katika eneo ambalo halijawahi kupimwa, tena katika hewa ya joto. Kompyuta mpya zenye uwezo wa kuidhibiti turbo kwa kulenga kanieneo kamili huondoa hatari hiyo. Ukitumia ya zamani, weka kikomo cha kukata mafuta kilopaskali chache tu juu ya kile kilichopimwa, na ukipandishe baada ya kupanga upya ukiwa pwani.

Hatua ya 5: Pima thamani ya ulinzi

Ukiniuliza sababu moja ya kulipia kifaa kipya, nitataja hii. Kompyuta za kizazi cha karibuni, kama G4X ya Link au Elite ya Haltech, zinaweza kusikiliza petroli inapolipuka vibaya ndani ya silinda na kuichelewesha cheche papo hapo, kufuatilia kanieneo la oili na la mafuta, kuangalia uwiano wa hewa na mafuta, na kuishusha au kuizima injini kabla pistoni haijatoboka. Kifaa cha zamani, kwa kawaida, hujua kikomo cha mizunguko na kikomo cha turbo, basi.

Ulinzi huu una uzito zaidi kwa injini iliyotengenezwa kwa ajili ya petroli bora ya Japani, ambayo kiwango chake rasmi ni oktani 96 au zaidi, halafu inalishwa petroli ya hapa ambayo ubora wake unaweza kutofautiana kati ya kituo na kituo. Bei ya injini nzima ya mtumba, gharama ya kuishusha na kuipandisha, na wiki ambazo gari litakaa bila kazi, ziandike pembeni ya tofauti ya bei kati ya kompyuta mbili ulizonazo akilini. Kwa injini ya turbo inayokwenda mbali na uwezo wake wa kiwandani, hesabu hiyo mara nyingi huelemea upande wa kifaa kipya.

Kumbuka tu kwamba ulinzi haufanyi kazi bila sensa. Kompyuta isiyofungiwa sensa ya oili haiwezi kuilinda oili, na mtu anayenunua kifaa cha bei kubwa kisha akaacha kununua sensa amelipia kitu asichokitumia.

Hatua ya 6: Tafuta fundi kabla ya kutafuta kifaa

Kompyuta bora duniani, ikipangwa na mtu asiyeijua, itafanya kazi vibaya kuliko ya zamani iliyopangwa na mtu aliyeizoea. Uliza mafundi wa kupanga injini walio karibu nawe: wana leseni na kebo za programu gani, wamewahi kupanga injini kama yako, wana sensa ya oksijeni ya masafa mapana (ya kupima uwiano wa hewa na mafuta), na wanatumia dainamomita (mashine ya kupima nguvu ya gari) au barabara? Kama mjini kwenu yupo fundi mmoja tu na amezoea Link, sababu ya kununua chapa nyingine iwe nzito kweli kweli.

Ikiwa unakusudia kujifunza mwenyewe, MegaSquirt na Speeduino zina faida ya wazi. Zote mbili hupangwa kwa programu ya TunerStudio, maelezo yake ni mengi na ya bure, na Speeduino, iliyoanzishwa na Josh Stewart wa Australia juu ya bodi ya Arduino Mega, ni ya chanzo huria kabisa, hivyo michoro ya bodi na programu yake unaweza kuisoma yote. Anayejua kushika pasi ya kulehemu atajifunza mengi. Asiyejua, asianzie kwenye gari analolitegemea kwenda kazini.

Hatua ya 7: Ukiamua kununua ya zamani, ikague mezani

Usikubali maneno kwamba ilikuwa inafanya kazi ilipoondolewa. Omba kuiona ikiwa imeunganishwa na umeme wa volti 12 na laptopu, na fanya yafuatayo kwa mpangilio.

Fungua kifuniko na unuse. Kapasita zilizovuja huacha harufu kama ya samaki na madoa ya kahawia kwenye bodi; kifaa chenye umri wa miaka ishirini na zaidi kinaweza kuwa na tatizo hilo hata kama hakijawahi kuguswa. Tafuta pia kutu ya kijani kwenye pini, ambayo ni dalili ya maji, na lehemu mpya zisizofanana na nyingine, ambazo ni dalili ya matengenezo.

Iunganishe na laptopu. Nyingi za zamani hutumia bandari ya siriali yenye pini 9, na adapta za bei rahisi za USB hukatika mawasiliano katikati ya kazi, kwa hiyo njoo na adapta unayoiamini. Nyingine zina programu zilizoandikwa kwa DOS au Windows za zamani ambazo hazifunguki kwenye laptopu ya leo. MoTeC za miaka ya 1990 ni mfano. Power FC ya Apexi, ambayo hufika ndani ya baadhi ya magari kutoka Japani, hupangwa kwa kidude chake cha mkononi, na bila kisanduku cha Datalogit haizungumzi na laptopu kabisa. Ikiwa kidude hicho hakipo, shusha bei uliyokusudia kutoa.

Uliza kuhusu nenosiri. Mafundi wengi hufunga kazi zao, na kifaa kilichofungwa huenda kikahitaji kufutwa chote ndipo kitumike tena. Kwa baadhi ya chapa, uwezo fulani hufunguliwa kwa kulipia, hivyo hakikisha uwezo unaouhitaji umekwisha kufunguliwa kwenye kifaa hicho hicho na si kwenye kingine cha jina moja.

Kisha soketi. Hiki ni kitu kidogo kinachokwamisha miradi mizima, kwa sababu bodi inaweza kuwa nzima lakini plagi yake ya waya haitengenezwi tena. Usiondoke bila plagi na angalau urefu wa mkono mmoja wa waya zake. Kwa MegaSquirt omba pia kibodi cha majaribio kinachoiga sensa za injini. Ukizungusha vitufe vyake, namba za joto, hewa na mizunguko zinapaswa kubadilika kwenye skrini bila kurukaruka.

Hatua ya 8: Jumlisha yote

Kompyuta yenyewe mara nyingi si sehemu kubwa kuliko zote katika matumizi. Ongeza waya, plagi, rilei na fyuzi, sensa ya hewa na ya joto, sensa ya oksijeni ya masafa mapana, usafiri na ushuru, siku za fundi wa wayaringi, na saa za kupanga. Kuna vifaa vipya vinavyochomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya kiwandani ya magari fulani, Subaru na Mitsubishi Evolution zikiwemo, na kwa magari hayo bei ya juu hurudi kwa kuepuka kukata waya hata mmoja.

Ukinunua sensa ya Bosch ya kupima oksijeni, chagua LSU 4.9 badala ya LSU 4.2 iliyotangulia, mradi kompyuta au kisomaji chako kinaikubali. EMU ya kwanza ya ECUMaster, kwa mfano, ilitengenezwa kwa 4.2, na EMU Black inakubali zote mbili.

Hatua ya 9: Fanya uamuzi

Kwa 4A-GE isiyo na turbo, yenye kebo ya aksileta na gia za mkono, MegaSquirt ya pili iliyotumika lakini nzima inatosha, na sioni sababu ya kulipa zaidi isipokuwa una milango ya hewa ya kila silinda. MegaSquirt ya kwanza ningeiacha, hata ikitolewa bure, kwa mtu asiyeizoea. Muda utakaopotea ni wa thamani kuliko tofauti ya bei.

Kwa 1JZ-GTE ya VVT-i yenye kebo, anzia MegaSquirt ya tatu na bodi yake ya MS3X, au kifaa kingine cha kiwango hicho. Kama gari lilikuja na Power FC inayofanya kazi na turbo bado ni ya kiwandani, usiiondoe kwa haraka. Ipimwe kwa petroli ya hapa, ipangwe upya, na ibaki hadi utakapobadilisha turbo.

Kwa EJ20 yenye AVCS na mlango wa hewa wa umeme, nenda moja kwa moja kwenye kizazi kipya. MegaSquirt ya tatu haiuendeshi mlango huo yenyewe, na kuunganisha kidhibiti cha pembeni kwenye sehemu inayoamua gari liongeze mwendo au lipunguze ni jambo ambalo silipendekezi kwa gari la barabarani.

Hatua ya 10: Ifunge na uiwashe kwa utaratibu

Waya zote za hasi za sensa zirudi kwenye kompyuta, na hasi za nguvu zifungwe kwenye injini mahali pamoja pasipo na rangi wala kutu. Sehemu kubwa ya hitilafu zinazosingiziwa kompyuta hutokana na hasi mbaya.

Kabla ya kuunganisha koili, hakikisha mpangilio wa ishara ya cheche hauko kinyume. Ukiwa kinyume, koili hubaki na umeme muda wote badala ya milisekunde tatu hivi inazohitaji, na inaweza kuungua ndani ya dakika chache huku swichi ikiwa imefunguliwa tu. Ondoa fyuzi ya nozeli, piga stata, na uangalie kama mizunguko inasomeka bila kukatika. Halafu ifunge cheche kwenye nyuzi moja isiyobadilika, tumia taa ya taiming, na urekebishe hadi alama ya kwenye puli ilingane na namba iliyo kwenye skrini. Hakuna kupanga mafuta kabla ya hapo, kwa sababu majedwali yote ya cheche yatakuwa ya uongo kwa kiasi kile kile cha kosa.

Injini ikishawaka na kupata joto, panga sailensi na mwendo wa polepole kwanza, mzigo mkubwa mwisho. Asubuhi ya siku inayofuata iwashe ikiwa baridi kabisa, ukiwa na laptopu, kwa kuwa marekebisho ya injini baridi hayawezi kupangwa siku ile ile. Na kabla hujamaliza kumlipa fundi, pokea kutoka kwake faili la mwisho la majedwali, nenosiri kama aliweka, na mchoro wa waya unaoonyesha rangi na pini za kila kitu alichokigusa. Nakala moja iwe kwenye laptopu yako na nyingine nje yake.